Fuata Maji, Usifuate Jua: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege Hori ya Mida na Mlango wa Sabaki

Aliyezoea kutazama ndege bara huamka alfajiri, kwa sababu ndege wa msituni huimba alfajiri. Akija pwani ya kaskazini ya Kenya na desturi hiyo hiyo, akasimama ukingoni mwa Hori ya Mida siku ambayo maji yanakwenda zake, ataona vidoa vyeusi mbali juu ya tope, jua likimpiga machoni, kisha atarudi akisema ndege hakuna. Ndege walikuwepo, pengine maelfu. Alichokosa ni saa.

Huku saa ya ndege ni maji. Yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope kufuata chakula. Yakijaa, tope hupungua na ndege husukumwa kidogo kidogo hadi ukingoni, alipokaa mtu mwenye subira. Ukilielewa hilo hutahitaji kumfuata ndege hata mmoja, maana bahari itakuletea.

Mahali penyewe

Hori ya Mida, ambayo wengi huiita Mida Creek, iko kusini mwa Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Ni mkono wa bahari wa kilomita za mraba 32 hivi, na maji yake yote huingia na kutoka kwa mlango mmoja mwembamba. Kandokando yake kuna vijiji vya Mida, Dabaso na Uyombo, na ndani yake kisiwa cha Kirepwe. Hori ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu inayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na eneo zima la Malindi na Watamu limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbehai tangu 1979.

Mikoko ya hapa si mti mmoja. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vipumulio vinavyochomoza kwenye tope kama penseli. Kuna pia mkandaa, muia, na mlilana ulio mbele kabisa kuelekea maji. Jifunze angalau mkoko na mchu, kwa kuwa tope lenye vipumulio vya mchu kwa kawaida hubeba uzito wa mtu vizuri kuliko tope tupu la pembeni mwa mfereji.

Mahali pa pili ni mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa Malindi, kabla ya kufika kijiji cha wavuvi cha Mambrui. Pale ndege ni wengine na hatari ni nyingine, kwa hiyo nitapashughulikia peke yake.

Kwanza jifunze maji

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu asilimia kubwa ya matembezi yanayoharibika huharibikia hapa.

Wavuvi huhesabu maji kwa mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi huo, bahari huwa na bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Karibu na tarehe 8 na 22 huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Katika pwani yetu, siku ya mwezi 1 au 15 maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena karibu saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi.

Hebu tuhesabu. Leo ni mwezi 3. Siku 2 zimepita tangu mwezi 1, sawa na dakika 100. Saa 10 alasiri ukiongeza dakika 100 unapata saa 11 na dakika 40 jioni, na hapo ndipo maji yatakapojaa. Ikiwa ni mwezi 8, siku 7 zimepita, sawa na takriban saa 6, basi maji yatajaa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.

Hesabu hii ni ya kupangia safari. Kwa siku yenyewe tumia jedwali la maji la Bandari ya Kilindini, linalotaja dakika na kina. Jedwali huandikwa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 16:30 ni saa 10 na nusu alasiri, na 04:10 ni saa 10 na dakika 10 alfajiri. Kosa la kila mara ni kusoma 10:20 ukadhani ni saa 10 alasiri, kumbe ni saa 4 na dakika 20 asubuhi.

Kuna jambo moja zaidi. Maji ya ndani ya hori huchelewa kuliko ya bahari ya wazi, kwa kuwa yote lazima yapite mlangoni. Ukifika, chomeka kijiti ukingoni mwa maji na ukitazame kila baada ya dakika 15. Kijiti kitakuambia kama maji bado yanapwa, yamesimama, au yameanza kuingia, hata kama jedwali linasema vingine.

Sasa kuhusu mwendo wa maji. Bahari haijai kwa kasi moja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na wanamaji hugawanya kimo chote kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 25 tu, nawe unajiona una nafasi tele. Saa ya tatu peke yake hupanda sentimita 75, na ya nne vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu aliyevuka mfereji maji yakimfika kifundo cha mguu hurudi baada ya muda mfupi akakuta yanafika kiunoni na yanavuta. Sheria ni moja: maji yakishaanza kuingia, usiwe na mfereji wowote nyuma yako.

Siku zipi, miezi ipi

Siku nzuri kuliko zote Mida ni mwezi 2 hadi 4, na 16 hadi 18. Maji hujaa jioni, bamvua ina nguvu, na jua linakuwa mgongoni mwako, kwa sababu kijiji cha Mida kiko upande wa magharibi wa hori nawe unatazama mashariki. Asubuhi mambo hugeuka: unatazama jua, na ndege wote wanaonekana weusi.

Siku za maji mafu tope halifunikwi lote, kwa hiyo ndege hawalazimiki kukusogelea. Siku hizo ni bora uvuke barabara kuu uingie msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi na ndege kama bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae). Huko alfajiri ni saa yake. Ingia na mwongozaji, kwa kuwa msitu una ndovu.

Ndege wahamiaji wa ufukweni huanza kuwasili Agosti, wakiwa bado na mabaki ya rangi za kuzalia. Kuanzia Oktoba hadi Machi wamejaa, na wengi wana rangi ya kijivu inayochosha mgeni. Aprili ndio mwezi wa kupendeza. Kabla ya kuondoka hubadilisha manyoya, na chamchanga mwenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea) aliyekuwa wa kijivu anageuka mwekundu kama tofali. Mwanzoni mwa Mei wengi wameshaenda kuzalia kaskazini ya mbali. Wachache hubaki wakati wa kusi, hasa wachanga ambao hawajafika umri wa kuzaa. Ukiwaona Juni usidhani ni wagonjwa.

Darubini na namna ya kuitega

Darubini ya macho mawili ya 8×42 inatosha kwa matembezi yote haya. 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10×42 inavutia dukani, lakini kila tetemeko la mkono nalo hukuzwa mara 10, na pepo za pwani hazikuachi ukatulia. Upana wa mwanga unaofika jichoni hupatikana kwa kugawanya 42 kwa 8, yaani milimita 5 na kidogo, na hiyo hukusaidia jioni giza linapoingia mikokoni.

Wengi hununua darubini nzuri na hawaitegi, wakaishia kuumwa na kichwa. Fanya hivi, mara moja tu. Kunja bawaba hadi miduara miwili unayoiona iwe mmoja. Ukivaa miwani, zungusha vikombe vya macho viingie ndani. Usipovaa, vitoe nje. Funika kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, tazama kitu kisichosogea umbali wa mita 30 hivi, kwa mfano maandishi ya kibao, ukizungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funika cha kushoto. Usiguse tena gurudumu la katikati: zungusha pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia hadi nalo lione sawasawa. Kumbuka alama ilipo. Tangu hapo utatumia gurudumu la katikati peke yake.

Ukiwa na darubini ya jicho moja yenye stendi ya miguu mitatu, ya kukuza mara 20 hadi 60, ibebe, maana tope ni pana. Ila kuanzia kama saa 3 na nusu asubuhi siku ya jua kali, joto hupanda kutoka kwenye mchanga na kila kitu hucheza kama kiko ndani ya maji. Hayo ni mazigazi, na kukuza zaidi huyazidisha. Rudi kwenye mara 20 au 25, au ungoja wingu.

Vingine: viatu vya turubai vyenye kamba, kwa sababu tope hunyofoa kandambili na chaza walioshika mizizi hukata kama wembe, kofia, maji ya kunywa lita 2 kwa mtu kwa nusu siku, daftari na penseli, maana wino hulowa, mfuko usioingiza maji wa simu. Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani. Fulana nyeupe huonekana na ndege kutoka upande wa pili wa hori.

Matembezi ya Mida, hatua kwa hatua

Matatu za Mombasa na Malindi hupita barabara kuu. Shuka Mida, kusini mwa njia panda ya Gede, na ulizia njia ya kwenda ufukweni au chukua bodaboda. Kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na ada yake hulipwa kwa wanakijiji wanaolitunza. Mbao zilizo juu ya chumvi hutaka ukarabati mara kwa mara, kwa hiyo uliza kwanza kama daraja liko wazi. Chukua mwongozaji wa kijijini hata kama unawajua ndege. Yeye anajua mfereji gani umehama na wapi tope linameza.

Fika saa 3 kabla ya maji kujaa kwa mujibu wa jedwali. Kwa mfano wetu wa mwezi 3, hiyo ni karibu saa 9 kasoro dakika 20 mchana. Vuka daraja polepole, mtu mmoja mmoja, maana linayumba, na ndege walio karibu huondoka wakiona kichwa kinachopanda na kushuka kuliko wanavyoogopa mtu aliyekaa.

Ukifika kibandani, kaa. Usianze na ndege aliye karibu. Pitisha darubini taratibu kutoka kushoto hadi kulia kwenye mstari wa maji, ambako chakula kiko kwa wingi, kisha rudi kwenye tope kavu. Andika saa na hali ya maji. Rudia kila dakika 15, na utaona mstari ukisogea na ndege wakisogea nao. Kati ya saa 2 na nusu na saa 1 na nusu kabla ya kujaa ndicho kipindi kinene. Ndege wenye miguu mifupi huanza kuruka kwanza kwa kuwa maji huwafika mapema. Wenye miguu mirefu, heroe na korongo, hubaki wakitembea majini.

Ukitaka kutembea ukingoni badala ya kukaa, usiende moja kwa moja kwa kundi. Nenda mshazari, kama mtu aliye na shughuli zake, hatua 10 kisha simama. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, umefika mwisho, usiongeze hatua. Wakianza kutembea kukukimbia, rudi hatua 5. Wakiruka, umeshachelewa, na kosa hilo lina gharama. Chamchanga wa gramu 60 hivi anayezaliana kaskazini mwa Siberia anajaza mafuta ya safari hapa kwa saa chache tu za tope kila siku. Kila mruko wa hofu unachoma mafuta hayo. Na hasa usiwafuate mahali wanapopumzika maji yakishajaa, kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Maji yakishafunika tope usiondoke. Geukia mikoko. Mdiria wa mikokoni (Halcyon senegaloides) hukaa kwenye tawi la chini, kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu wote juu na chini. Ndugu yake wa misitu ya wazi (H. senegalensis) ana mdomo mwekundu juu na mweusi chini, na hao huchanganywa sana. Kati ya Novemba na Machi, karibu saa 12 jioni, tazama juu: keremkerem wekundu (Merops nubicus) huja kwa makundi kulala mikokoni, na jua la machweo likiwapiga mabawani hutakumbuka kuangalia saa. Beba tochi ya kurudia.

Kuwatambua bila kuchanganyikiwa

Majina ya Kiswahili ya ndege wa pwani hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji; anayeitwa membe hapa, kwingine ni shakwe. Kwa daftari lako andika jina la kijijini pamoja na la kisayansi. Jina la kijijini lithamini: mara nyingi linabeba tabia ya ndege ambayo vitabu havina.

Anza na mwendo, rangi baadaye. Kitwitwi hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, hukimbia tena. Anatafuta kwa macho. Chamchanga huenda kichwa chini akichoma tope mfululizo kama cherehani. Anatafuta kwa ncha ya mdomo. Tofauti hii inaonekana hata mbali, hata kwenye mazigazi.

Kisha mdomo. Ulioshuka kidogo kwenye ncha, ndege mdogo mwenye kiuno cheupe arukapo: Calidris ferruginea. Uliopanda juu, miguu mifupi ya rangi ya machungwa, anakimbia ovyo kama amepoteza kitu: Xenus cinereus. Ndege mrefu wa kijivu, miguu ya kijani-kijivu, mwenye mlio wa "tyu-tyu-tyu": Tringa nebularia. Kipila wako wawili. Mdogo (Numenius phaeopus) ana mistari kichwani na hulia mfululizo wa sauti fupi zinazofanana, kama 7 hivi. Mkubwa (N. arquata) hana mistari hiyo, na mdomo wake ni mrefu mno kiasi kwamba unajiuliza anaubebaje.

Vitwitwi wawili wa mchangani ndio mtihani mgumu wa Mida. Pima kwa macho urefu wa mdomo na uulinganishe na nafasi kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Ukiwa mrefu kuliko nafasi hiyo, na miguu ni mirefu yenye ukijani, ni mkubwa, Charadrius leschenaultii. Ukiwa mfupi, na miguu myeusi, ni yule mdogo. Usiamue kwa ndege mmoja aliye peke yake; ngoja wawili wasimame pamoja. Kitwitwi wa kijivu, Pluvialis squatarola, ni mkubwa zaidi yao, na akiinua bawa ana doa jeusi kwapani ambalo halina mshindani.

Na yule ambaye wengi hufunga safari kwa ajili yake: ndege mla-kaa, Dromas ardeola. Ni mweupe na mweusi, urefu wa kama sentimita 40 kutoka mdomo hadi mkia, miguu mirefu ya kijivu-samawati, mdomo mnene mweusi kama nyundo. Hutembea polepole, husimama, kisha hukimbia kumkamata kaa. Ndiye ndege wa ufukweni anayechimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake, katika pwani za Pembe ya Afrika na Uarabuni, halafu huja Mida na mtoto wake. Ukisikia mlio wa kung'ang'ania usiokoma, tafuta ndege wa kijivu anayemfuata mwenye rangi kali: ni mtoto anayeomba kaa, ingawa ameshavuka bahari kwa mabawa yake.

Yangeyange wa pwani wana sura mbili, weupe na wa kijivu-kiza, na wote ni jamii moja. Usiwaandike kama aina mbili.

Mlango wa Sabaki

Hapa unakuja kwa ajili ya shakwe na buabua. Chukua gari la Mambrui kutoka Malindi, shuka kwenye daraja la Sabaki, na tembea na mwongozaji wa kijiji kufuata mto hadi baharini. Mto hubeba udongo mwingi kutoka bara na mlango wake huhama. Fungu la mchanga ulilosimamia mwaka jana huenda mwaka huu liko upande wa pili wa maji. Usitegemee ramani ya simu, na usivuke mto kwa miguu.

Mtoni kuna viboko na mamba. Viboko hutoka kwenda malishoni jua likizama, kwa hiyo Mida ni ya jioni lakini Sabaki uwe umeondoka saa 11 na nusu. Usisimame kati ya kiboko na maji, usipite kwenye njia zao zilizochimbika katika matete, na usikae ukingoni ukichungulia darubini bila mtu wa kukutazamia nyuma.

Maji yakijaa, shakwe na buabua hukusanyika kwenye fungu wakitazama upepo unakotoka. Wote wakielekea upande mmoja, kuwalinganisha kunakuwa rahisi. Shakwe mwenye kichwa cha kahawia na mdomo wa kijani-njano wenye ncha nyekundu na nyeusi ni Larus hemprichii. Kwa buabua tazama mdomo: mwekundu na mnene kama karoti, ndege mkubwa kuliko wote, ni Hydroprogne caspia, rangi ya chungwa, ukubwa wa kati, ni Thalasseus bengalensis, wa njano na ndege mkubwa zaidi ya huyo, ni T. bergii, mweusi mnene, ni Gelochelidon nilotica. Wakati wa kusi, wahamiaji wa kaskazini wakiwa hawapo, Sabaki hupata mgeni wa kusini, Glareola ocularis kutoka Madagaska, wa kahawia, mabawa marefu, mwenye kukamata wadudu hewani kama mbayuwayu.

Juu ya mstari wa mwani mkavu, kwenye mchanga mweupe, kitwitwi wa hapa hapa (Charadrius marginatus) hutaga mayai yasiyoonekana hata ukiyakaribia. Tembea kwenye mchanga uliolowa, chini ya mstari huo. Ndege akikukimbia akiburuta bawa, simama, tazama miguuni, na rudi ulikotoka kwa nyayo zako mwenyewe.

Kuhesabu

Kundi la ndege 400 halihesabiwi mmoja mmoja. Hesabu 10 kwa uangalifu, angalia wanachukua nafasi gani, kisha pitisha nafasi hiyo juu ya kundi lote: 10, 20, 30. Kwa kundi kubwa sana tumia 50. Sehemu ya katikati huwa imebanana kuliko kingo, kwa hiyo chukua kipimo kipya ukifika pale. Rudia ukitokea upande wa pili, na zikitofautiana sana hesabu mara ya tatu. Anayeanza karibu kila mara hupunguza. Ukiona ni 200, huenda ni 300.

Kila ukurasa wa daftari uwe na tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, saa ya maji kujaa, upepo na idadi. Bila saa ya maji, namba za Mida hazilinganishwi na za siku nyingine. Rekodi hizo zipeleke Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya unaogawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na Januari unaweza kujiunga na hesabu ya ndege wa majini inayoratibiwa na Makumbusho ya Taifa. Ukiona ndege mwenye pete ya watafiti mguuni, andika rangi, mguu upi, juu au chini ya kiungo, na mpangilio wake kutoka juu, kisha itume kwa idara ya ndege ya Makumbusho, Nairobi.

Adabu ya kijiji

Pita kwa wavuvi kwanza, salimia, mpe mzee shikamoo yake, sema umekuja kutazama ndege. Zunguka nyavu zilizoanikwa, usizikanyage. Usipige picha ya watu bila kuomba. Wavuvi wanajua makundi yalipo leo asubuhi, na maelezo yao ya dakika 5 yanaweza kukuokolea saa nzima.

Ukirudi

Usifute kioo cha darubini kwa kanga wala fulana. Chumvi iliyokauka ni chembe ngumu, na ukiisugua inakwaruza. Pulizia kwanza vumbi kwa kipulizio cha mpira, fuata na kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo chumvi ili chumvi iyeyuke, halafu kausha kwa kitambaa kingine. Mwili wa nje, miguu ya stendi na skrubu zake vifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo chumvi siku hiyo hiyo, kwa kuwa kutu hapa huanza usiku mmoja. Hifadhi darubini kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uvibadilishe vikichoka. Ukiiacha ndani ya ala ya ngozi iliyolowa, ndani ya miezi michache ukungu utaota kama utando wa buibui kati ya vioo, na huo hautoki bila fundi.